Uchunguzi wa Maiti na Vifo vya Watu Walio Mikononi mwa Polisi: Sababu ya Kifo Hubainishwaje?

Mtu anapofariki dunia nyumbani au wodini, kwa kawaida wapo watu wanaoweza kueleza saa zake za mwisho: mwenza wake, mtoto, jirani au muuguzi wa zamu. Anapofariki akiwa mikononi mwa polisi, hali huwa tofauti. Alichukuliwa akiwa hai, akawekwa mahali ambapo ndugu zake hawaruhusiwi kuingia, na wanaotoa maelezo ya kifo chake mara nyingi ndio hao hao waliokuwa wakimlinda. Mahabusu wenzake huenda waliona au kusikia jambo, lakini nao bado wamo ndani na wana sababu ya kuogopa. Katika mazingira hayo, mwili wa marehemu huwa ushahidi usioweza kutishwa wala kushawishiwa. Hata hivyo, ushahidi huo hupotea upesi endapo mwili utaoshwa, utatiwa dawa ya kuhifadhi au utachunguzwa kwa pupa.

Makala hii inaeleza namna daktari bingwa wa patholojia anavyoufanya uchunguzi huo, mambo unayoweza kuthibitisha, mambo usiyoweza, na wajibu wa watumishi wa afya na wa familia katika kuulinda ukweli.

Maswali matatu yasiyopaswa kuchanganywa

Kila uchunguzi wa maiti hujibu maswali matatu. La kwanza ni sababu ya kifo: ni ugonjwa au jeraha gani lililoanzisha mfululizo wa matukio yaliyomfikisha mtu kwenye mauti? La pili ni njia ya kifo: mwili ulishindwaje kuendelea kuishi? La tatu ni namna ya kifo: je, alikufa kwa maradhi, kwa ajali, kwa kujiua, kwa kuuawa, au namna yenyewe haikuweza kubainika?

Kosa linalojitokeza mara nyingi katika hati za vifo ni kuandika njia mahali pa sababu. "Moyo kusimama" au "kushindwa kupumua" si sababu ya kifo, kwa kuwa kila anayekufa moyo wake husimama na pumzi yake hukatika. Tuchukue mfano wa kijana aliyechapwa kwa fimbo na virungu kwenye mapaja na makalio, akaachiwa siku ya pili, kisha akafia hospitalini siku ya tano huku hatoi mkojo. Hati sahihi itaanza na figo kushindwa kufanya kazi ghafla, ishuke kwenye kuharibika kwa misuli, na mwisho ifike kwenye majeraha mengi ya kifaa butu. Jambo lililo chini kabisa katika mfululizo huo ndilo sababu ya msingi. Daktari akiishia mstari wa kwanza, kifo kilichotokana na kipigo kitaingia kwenye kumbukumbu za nchi kama ugonjwa wa figo.

Neno "kuuawa" nalo linahitaji ufafanuzi. Katika lugha ya patholojia lina maana kwamba kitendo cha mtu mwingine kilichangia kifo. Halitamki kwamba mtu fulani ana hatia ya jinai, wala kwamba alikusudia. Mchunguzi wa vifo wa Kaunti ya Hennepin nchini Marekani alipotoa matokeo ya kifo cha George Floyd mwaka 2020, aliandika kwamba moyo na mapafu vilisimama katika hali iliyoambatana na polisi kumdhibiti, kumzuia na kumkandamiza shingo, na namna ya kifo akaiita kuuawa. Suala la hatia lilibaki kwa mahakama, nayo ilitoa hukumu yake mwaka uliofuata.

Uchunguzi huanza kabla ya kisu

Nchini Tanzania, Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inaweka utaratibu wa kuchunguza vifo vya ghafla, vya kikatili, vyenye mashaka na vya watu walio chini ya ulinzi, chini ya korona, ambaye kwa kawaida ni hakimu. Nchini Kenya, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ina wajibu wa kuchunguza vifo vinavyotokea mikononi mwa polisi. Katika ngazi ya kimataifa upo Mwongozo wa Minnesota wa Umoja wa Mataifa, uliotolewa mwaka 1991 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2016. Mwongozo huo unasisitiza kwamba uchunguzi uwe wa haraka, wa kina, huru na usiopendelea upande wowote.

Uhuru huo una sura ya vitendo. Ofisa anayetuhumiwa, au mwenzake wa kituo kile kile, hapaswi kumsimulia daktari kilichotokea kana kwamba yeye ndiye chanzo pekee cha habari, wala kusimama kando ya meza wakati mwili unapofunguliwa. Familia ipewe nafasi ya kuwakilishwa na daktari wake. Jopo la madaktari kadhaa, akiwamo wa familia, huondoa shaka nyingi ambazo baadaye ni vigumu kuzifuta.

Kabla ya kugusa mwili, daktari hutafuta habari. Marehemu alikamatwa saa ngapi, na wapi? Kitabu cha kituo kinasema nini kuhusu hali yake alipoingizwa? Nani alimwona hai mara ya mwisho? Alikuwa akitumia dawa gani? Alipelekwa hospitali wakati wowote? Inapowezekana, daktari hufika kwenye chumba alimofia. Akiambiwa kwamba mtu alijinyonga kwa shati, hutaka kuliona shati lenyewe, nondo ya dirisha lilipofungwa, urefu wake kutoka sakafuni, na namna fundo lilivyofungwa. Akiambiwa kwamba mtu aligonga kichwa ukutani, hutafuta damu au nywele kwenye ukuta huo na urefu wa sehemu hiyo ukilinganishwa na kimo cha marehemu.

Mwili hupelekwa mochwari ukiwa na nguo zake. Mikono hufunikwa kwa mifuko ya karatasi ili vitu vilivyo chini ya kucha visipotee. Mifuko ya plastiki haifai kwa sababu huhifadhi unyevu na kuharibu sampuli. Mirija iliyowekwa na wahudumu waliojaribu kuokoa maisha huachwa mahali pake, kwa kuwa alama ya sindano isiyo na maelezo, au mbavu zilizovunjika wakati wa kukandamiza kifua, zinaweza kudhaniwa kuwa ni dalili za mateso.

Yanayosomwa juu ya ngozi

Daktari huchunguza mwili mzima, mbele na nyuma, kuanzia utosini hadi nyayoni. Kila jeraha hupimwa, huchorwa kwenye mchoro wa mwili na kupigwa picha mbili: moja ya mbali inayoonyesha liko wapi, na moja ya karibu ikiwa na rula.

Umbo la jeraha huweza kutaja kifaa kilicholisababisha. Fimbo ya mviringo au kirungu huacha mistari miwili sambamba ya mvilio wa damu yenye ngozi isiyodhurika katikati, kwa sababu damu husukumwa pembeni na mishipa midogo ya kingoni hupasuka. Pingu zilizobana huacha michubuko inayozunguka kifundo cha mkono. Mivilio kwenye upande wa nje wa mkono, kati ya kiwiko na kiganja, humfanya daktari afikirie mtu aliyeinua mikono kujikinga. Vidoa vidogo vyekundu ndani ya kope na kwenye weupe wa jicho huonekana pale damu ilipozuiwa kurudi kutoka kichwani, kama inavyotokea shingo au kifua kinapobanwa, ingawa vipo pia katika vifo vingine na peke yake havithibitishi jambo.

Kwa wagonjwa na maiti wa Afrika kuna ugumu wa pekee: mvilio wa damu hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi. Mgongo unaoonekana safi kwa nje unaweza kuwa umejaa damu chini ya ngozi. Kwa hiyo, katika kifo cha mtu aliyekuwa kizuizini, kuangalia kwa macho hakutoshi. Ngozi ya mgongo, makalio, mapaja, mikono na miguu hupasuliwa kwa mistari mirefu na kufunuliwa ili mafuta na misuli iliyo chini ionekane. Nyayo nazo hupasuliwa, kwani ngozi yake nene huficha athari za kupigwa nyayoni. Ripoti isiyotaja kwamba hatua hii ilifanyika haiwezi kutumiwa kusema kwamba mtu hakupigwa.

Mwili wenyewe pia huweza kumpotosha mchunguzi. Baada ya kifo damu hushuka upande wa chini na kuleta weusi kama wa mvilio. Tofauti hupatikana kwa kupasua: damu iliyoshuka bado imo ndani ya mishipa na hufutika kwa maji, ilhali damu ya mvilio imepenya kwenye tishu na haioshwi. Wadudu wanaotambaa mochwari nao huacha mikwaruzo inayofanana na michubuko.

Watu wengi huuliza iwapo rangi ya mvilio huonyesha siku uliyotokea. Rangi ya njano huashiria kwamba jeraha lina takriban saa 18 au zaidi, lakini kutokuwapo kwake hakuthibitishi chochote, na kwenye ngozi nyeusi rangi hizo ni vigumu kuziona. Njia bora ni kuchukua kipande cha tishu na kukitazama kwa hadubini, ambako seli za uvimbe na mabaki ya chuma ya damu huonyesha kama jeraha ni la saa chache au la siku kadhaa. Taarifa hiyo ni muhimu, kwa sababu mara nyingi hoja inayotolewa ni kwamba mtu aliumizwa na wananchi kabla ya kufikishwa kituoni.

Kichwa na shingo

Majeraha ya kichwa husababisha mabishano makubwa: alianguka, alijigonga, au alipigwa? Hakuna kanuni moja isiyo na ubaguzi, ila zipo dalili ambazo zikikusanywa pamoja hutoa mwelekeo. Kichwa kilichokuwa kikienda kasi na kugonga kitu kisichosogea, kama inavyotokea mtu anapoanguka chali, mara nyingi hupata majeraha ya ubongo upande ulio kinyume na pale kilipogongwa. Kichwa kilichotulia kikapigwa na kitu kinachokwenda kasi huumia zaidi chini ya pigo lenyewe. Anayeanguka kwenye sakafu sawa kwa kawaida huumia kwenye mzingo ambapo kofia hukaa, na huumia upande mmoja. Majeraha yaliyo juu ya mzingo huo, au yaliyotapakaa mbele, pembeni na nyuma ya kichwa, hayaelezeki kwa urahisi kwa anguko moja.

Shingo huchunguzwa mwisho. Daktari hufungua kwanza kichwa na kifua ili damu itoke kwenye mishipa ya shingo, kisha huifungua misuli ya shingo tabaka baada ya tabaka. Sababu ya utaratibu huu ilielezwa na madaktari wa Afrika Kusini, Prinsloo na Gordon, mwaka 1951: shingo ikifunguliwa ikiwa bado imejaa damu, damu huvuja kutokana na kisu chenyewe na kufanana na dalili za kunyongwa. Utaratibu ukifuatwa, mvilio ndani ya misuli, kuvunjika kwa mfupa wa hioidi au kwa gegedu za zoloto huwa na uzito. Kutokuwapo kwake hakukanushi kukabwa, hasa kwa vijana ambao gegedu zao bado hupinda bila kuvunjika.

Kuhusu kujinyonga, familia nyingi hukataa maelezo ya polisi kwa kuwa miguu ya marehemu ilikuwa ikigusa sakafu. Ukweli wa kitabibu ni kwamba mtu anaweza kufa akiwa amepiga magoti au hata ameketi, kwa kuwa uzito wa sehemu tu ya mwili unatosha kuziba mishipa ya shingo. Kwa upande mwingine, alama ya kamba inayozunguka shingo yote kwa usawa bila kupanda kuelekea fundo, pamoja na mivilio mahali pengine mwilini, humlazimu daktari kuuliza maswali mazito zaidi. Wakati mwingine jibu la haki ni kwamba mwili peke yake hautoshi, na mazingira ya chumba ndiyo yatakayoamua.

Vifo visivyo na jeraha kubwa la wazi

Baadhi ya vifo vya kizuizini haviachi tundu wala mfupa uliovunjika. Kipigo kirefu kwenye misuli mikubwa huua kwa njia mbili. Kwanza, damu nyingi huvujia chini ya ngozi hadi mtu akapungukiwa damu bila tone kuonekana nje. Pili, misuli iliyopondeka hutoa mioglobini inayoziba vijifereji vya figo. Hali hiyo ilielezwa kwa kina mwaka 1941 na Bywaters na Beall, waliowatibu watu waliofukiwa na vifusi vya mabomu jijini London. Daktari hupasua misuli, huchukua vipande vya figo kwa ajili ya hadubini, na hutafuta kumbukumbu za hospitali kuhusu mkojo wa rangi ya kahawia.

Kukandamizwa kifudifudi, goti likiwa mgongoni na mikono imefungwa nyuma, huzuia kifua kupanuka. Dalili ndani ya mwili huwa chache mno, kwa hiyo maelezo ya mashahidi na picha za video huwa na uzito kuliko kisu. Kwa miaka mingi katika baadhi ya nchi vifo vya aina hiyo viliandikwa kuwa vimetokana na wazimu wa msisimko, hali iliyodaiwa kumuua mtu yenyewe. Mwaka 2023 Chama cha Kitaifa cha Wachunguzi wa Vifo cha Marekani kilitamka kwamba hakiungi mkono istilahi hiyo kutumika kama sababu ya kifo.

Umeme nao unaweza kuacha alama ndogo ya kuungua au kutoacha alama yoyote. Ndiyo maana sampuli ni sehemu ya lazima ya uchunguzi: damu kutoka mshipa wa paja, mkojo, majimaji ya jicho, yaliyomo tumboni, kucha na tishu za viungo vyote vikuu. Majimaji ya jicho huhifadhi kwa muda taarifa ambayo damu huipoteza. Huonyesha kama mtu alikuwa amekaukiwa maji, au kama sukari yake ilikuwa juu kupita kiasi. Sukari iliyo chini haiwezi kufasiriwa, kwa sababu hushuka yenyewe baada ya kifo. Kila chupa hufungwa kwa lakiri, huandikwa jina, tarehe na saa, na kila anayeipokea hutia saini hadi ifike maabara, ambayo kwa Tanzania ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Saini moja ikikosekana, wakili ana haki ya kuuliza sampuli ilikuwa wapi.

Ugonjwa kama sababu, na swali linalobaki

Si kila anayefia kituoni ameteswa. Watu hukamatwa wakiwa na shinikizo la damu, kisukari, kifafa, pumu, kifua kikuu, malaria au majeraha ya kichwa ambayo hayajagunduliwa. Mlevi anayekoroma sakafuni anaweza kuwa na damu inayovuja ndani ya fuvu. Daktari mwaminifu hulisema hilo bila kusita, hata kama familia ilitarajia jibu jingine.

Hata hivyo, kupatikana kwa ugonjwa hakumalizi kazi. Mtu mwenye moyo mpana anaweza kuwa amekufa wakati akipigwa, na pigo ndilo lililomuua siku ile. Mwenye kisukari anayenyimwa insulini kwa siku mbili hufa kwa ugonjwa, lakini swali la nani alikataa kumpa dawa linabaki. Uangalifu mkubwa unahitajika kuhusu vinasaba vya selimundu, ambavyo vimeenea katika ukanda wetu, hususan Kanda ya Ziwa. Chembe za damu za mtu aliyerithi vinasaba hivyo kwa mzazi mmoja hugeuka umbo baada ya kifo kwa kukosa oksijeni. Kuziona kwa hadubini si uthibitisho kwamba selimundu ndiyo iliyomuua.

Yaliyojifunzwa kutokana na vifo vitatu

Steve Biko alifariki Pretoria tarehe 12 Septemba 1977, baada ya kukamatwa mwezi Agosti na kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 akiwa uchi na mahututi nyuma ya gari la polisi. Kauli ya kwanza ya waziri wa polisi, Jimmy Kruger, ilihusisha kifo hicho na mgomo wa kula. Uchunguzi wa maiti, ulioshuhudiwa na daktari aliyeteuliwa na familia, Jonathan Gluckman, ulionyesha jeraha la ubongo, na hadithi ya njaa ikaanguka. Pamoja na hayo, hakimu alihitimisha mwezi Desemba kwamba hakuna wa kulaumiwa. Patholojia ilieleza kilichomuua. Haki ilihitaji taasisi nyingine ambazo wakati ule hazikuwapo.

Ahmed Timol alifariki Johannesburg mwaka 1971 kwa kile kilichoelezwa kuwa ni kujirusha kutoka ghorofa ya 10 ya makao ya polisi ya John Vorster Square. Mwaka 1972 hakimu alikubali kwamba alijiua. Mwaka 2017 shauri lilifunguliwa upya, na wanapatholojia wakayapitia upya maandishi ya uchunguzi wa awali. Walibaini kwamba baadhi ya majeraha hayakulingana na anguko na yalitokea kabla yake, na Jaji Billy Mothle akaamua kwamba Timol aliuawa. Maandishi ya mochwari yalingoja miaka 45 kabla ya kusomwa kwa haki. Yasingeandikwa kwa kina, kusingekuwa na cha kusoma.

Mwezi Juni 2025 jijini Nairobi, polisi walisema kwamba Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akiandika mtandaoni, alijigonga kichwa kwenye ukuta wa chumba cha mahabusu. Siku chache baadaye jopo la wanapatholojia lilitangaza kwamba lilikuta majeraha ya kichwa, dalili za kukandamizwa shingo na majeraha mengi ya tishu laini yaliyotapakaa mwilini, mambo yasiyolingana na kujigonga. Maelezo ya awali yalifutwa na uchunguzi wa jinai ukaendelea.

Wajibu wa mtumishi wa afya

Kisa cha Biko kina fundisho la pili, na linatuhusu moja kwa moja. Madaktari wawili, Ivor Lang na Benjamin Tucker, walimwona akiwa hai. Dalili za kuumia ubongo zilikuwapo, lakini hati ya kwanza ikasema hakuna kasoro iliyoonekana. Mwaka 1985 Tucker alifutwa kwenye orodha ya madaktari.

Mtu anayeletwa na polisi ni mgonjwa kama wengine. Achunguzwe akiwa amevuliwa nguo, faraghani, pingu zikifunguliwa inapowezekana. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, saa ya kuwasili itajwe, na kila jeraha lielezwe kwa ukubwa, mahali na umbo, katika faili lake na katika fomu ya polisi. Mwongozo wa Istanbul, uliotolewa mwaka 1999 na kurekebishwa mwaka 2022, unashauri daktari aseme kwa kiwango gani jeraha linalingana na maelezo, badala ya kuandika tu "majeraha madogo". Akiletwa akiwa tayari amekufa, mtumishi wa zamu aandike hivyo hivyo, wala asibuni sababu ya kifo ili mwili utoke upesi. Mwili usioshwe, usitiwe dawa ya kuhifadhi, na damu iliyochukuliwa wakati wa uhai itunzwe maabara isitupwe.

Familia ifanye nini

Ndugu wana haki ya kuuliza lini na wapi uchunguzi utafanyika, kuomba daktari wao awepo, na kufuatilia ripoti. Wapeleke kadi za kliniki, dawa za marehemu na picha zake za karibuni. Waandike majina ya waliomwona akikamatwa na hali aliyokuwa nayo. Ikiwa kuna shaka, watangulize uchunguzi kabla ya maziko. Kwa familia za Kiislamu, ambako kuharakisha maziko ni wajibu wa kidini, ni vyema kuomba uchunguzi ufanyike siku ile ile; kazi ya saa chache iliyofanywa mapema huondoa uwezekano wa kufukua kaburi baadaye. Mwili hushonwa na kukabidhiwa kwa heshima, nao unaweza kuoshwa na kukafiniwa kama kawaida.

Uchunguzi wa pili unawezekana, lakini thamani yake hupungua. Viungo vimeshatolewa, tabaka za shingo zimeshafunguliwa, na kisu cha kwanza kimeacha alama zake. Nafasi bora ni ya kwanza.

Mipaka ya uchunguzi

Uchunguzi wa maiti hauwezi kumtaja aliyepiga, hauwezi kusoma nia, wala hauwezi kutaja dakika ya kifo. Unaweza kusema kwamba mtu alipigwa mara nyingi kwa kifaa kirefu cha mviringo akiwa hai, kwamba majeraha fulani yalitangulia mengine, au kwamba maelezo yaliyotolewa hayalingani na mwili. Ripoti inayosema "haikuweza kubainika" baada ya kazi kamili ni ya kweli zaidi kuliko inayotoa jibu la uhakika baada ya kuangalia kwa juu juu. Katika hali zote mbili, msingi ni ule ule: kila kilichoonekana kiandikwe, kila kilichotafutwa kisipatikane kitajwe, na picha zihifadhiwe, ili daktari mwingine, hata baada ya miaka mingi, aweze kuupima ushahidi huo upya kwa macho yake mwenyewe.